Taa Nyekundu na Salamu za Baba

Gari la baba yangu lilikuwa zima kabisa maadamu linakwenda. Ubaya wake ulianza likisimama. Injini ikiachwa ingurume polepole bila kwenda popote, ilianza kutetemeka, usukani ukatetemeka nao, vioo vikalia, kisha ikakohoa na kunyamaza. Muda wote huo taa ndogo nyekundu iliyokuwa mbele ya dereva ilikuwa ikiwaka na kututazama.

Tulilinunua kwa Mzungu mmoja wa upande wa Shelly Beach, wakati Wazungu walipoanza kuuza vitu vyao kwa sababu wamesikia uhuru unakuja. Aliuza meza, akauza friji, akataka kuuza na mbwa. Baba alichukua gari. Lilikuwa la kijani kilichopauka, milango mizito, viti vya ngozi vimepasuka, na hata mwenye kuuza hakuthubutu kusema kuwa ni jipya. Alisema tu kwamba halijawahi kumwacha njiani. Baadaye nilifikiri sana juu ya Mzungu yule, nikaona hakusema uongo. Njiani halikumwacha kwa sababu njiani hakusimama kwa mtu.

Mama yangu alikuwa mgonjwa wa moyo. Miguu ilimvimba, akipanda ngazi alitweta, na kulala alilala ameegemea mito. Hospitali ilikuwa kisiwani, sisi tulikuwa Likoni, na baina yetu palikuwa na maji na feri. Daktari alimwambia baba, nami nikisikia, kwamba mama asikose kliniki yake hata mara moja, na kwamba siku atakayobanwa na pumzi afikishwe haraka, maana siku hiyo haitangoja. Baba alikuwa karani mstaafu wa bandarini, mtu wa kutembea kwa miguu, mwavuli kwapani. Alinunua gari kwa ajili ya lile neno "haraka".

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kwa wazazi wangu na talaka yangu, sina mtoto, sina kazi, na ulimi wangu ndio uliokuwa umenirudisha. Nikawa abiria wa kudumu wa kiti cha nyuma, kando ya mama. Kazi yangu ilikuwa kumshika mama kwenye kona na kunyamaza. La kwanza niliweza.

Sasa, mtu hawezi kuyaelewa maradhi ya gari lile bila kumwelewa baba. Baba hakuweza kumpita mtu anayemjua, na kutoka kwetu mpaka feri hapakuwa na mtu asiyemjua. Alikuwa akimwona mwenye duka mlangoni pake, anasimama. Anashusha kioo, anatoa salamu, anajibiwa, anauliza hali, anaulizwa yeye, wanapita nyumba kwa nyumba na mtoto kwa mtoto, wanafika kwa jirani, kwa shamba, kwa mvua, wanamshukuru Mungu, kisha wanaagana, na kuagana nako kuna adabu zake. Hatua chache mbele yuko mwalimu wa chuo cha Kurani. Mbele yake yuko mzee wa mashamba anayeshuka na mihogo yake. Anayekwenda kwa miguu husalimiana huku anatembea, kwa hiyo safari ile kwa gari ilituchukua muda mrefu kuliko kwa miguu, ila tulikuwa tumekaa.

Mtu atauliza kwa nini hakuzima injini akisimama. Nilimuuliza mimi. Akanitazama kama niliyeingia msikitini na viatu.

"Nikizima nimekuwa mgeni," akasema. "Itanilazimu nishuke. Nikishuka italetwa kahawa. Wataka mwenye duka aache duka lake anipikie kahawa?"

Ndivyo alivyojiwekea sheria yake. Injini ikinguruma, yeye ni mpita njia, na mpita njia hasumbuliwi kwa kahawa. Injini ikizimwa, amefika. Kwa heshima ya watu, basi, gari lilisimama huku linanguruma, asubuhi na jioni, na taa nyekundu ikiwaka.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitafutia taa ile sababu. Alikuwa akiiangalia juu ya bega la baba, kimya, safari baada ya safari, halafu siku moja akaninong'oneza.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Taa ile yawaka tukisimama kwa watu. Tukenda, yazima."

"Naona."

"Basi yawaka kwa wenye jicho la husuda."

Mama alikuwa ameona jambo la kweli kabisa, nami namheshimu kwa hilo. Shida ilikuwa kwenye maelezo yake. Kuanzia siku ile kila tuliposimama aliitazama taa kwanza, kisha akamtazama mtu aliyeinama dirishani, na akatia moyoni. Taa iliwaka kwa mwenye duka, na mama akasema hakushangaa. Iliwaka kwa mwalimu wa chuo. Iliwaka kwa shangazi yangu, na mama akasema hilo alilijua tangu siku ya harusi yake na baba. Ilipowaka kwa imamu alinyamaza njia nzima, na akishuka aliniambia hata wema hujaribiwa.

Kilichomthibitishia zaidi ni kwamba taa haikuwaka kwa kila mtu. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye mashua, mtu wa maneno mengi na kuomba-omba, na kwake taa ilizima kabisa. Mama akaanza kumpelekea sahani za futari. Mimi, niliyekuwa nimekaa pembeni na kuona miguu ya baba, nilijua kwamba akimwona bwana yule baba alitaka kuondoka, na mguu wake ulikuwa ukikanyaga mafuta wenyewe. Injini ikipanda, taa inazima. Sikusema kitu, kwa kuwa nilikuwa bado sijajua nimeona nini.

Halafu wakaja mafundi, na wasiokuwa mafundi. Binamu yetu wa Mishomoroni alitoa plagi, akazionyesha zilivyokuwa nyeusi kwa masizi, akaweka mpya, akasema tumepona. Gari lilikwenda vizuri kwa siku chache. Jirani akasema ni hewa ya chumvi. Mwingine akasema petroli ya Likoni ina maji. Shangazi, asiyejua kwamba yeye mwenyewe ni mshukiwa, alileta ubani na akalifukiza gari milango yote imefunguliwa, na mama alimtazama kwa makini akifanya hivyo. Betri nayo ilikuwa ikifa kila mara, ikawa asubuhi baba anavua kofia, anakunja mikono ya kanzu, na kuizungusha injini kwa hendeli hadi jasho linamtoka, ili apate kwenda kusimama.

Mwishowe tulilipeleka Changamwe, kwa fundi mmoja wa bara aliyekuwa na gereji karibu na matangi ya mafuta. Alikaa nalo, akalipeleka mpaka njia ya Mazeras na kurudi, na alipoturudishia lilikuwa likinguruma mbele ya gereji yake bila kutetemeka hata kidogo. Baada ya wiki mbili za Likoni likarudia yale yale. Tukalirudisha. Akalipeleka tena Mazeras, likapona tena. Baba akaanza kuamini kwamba gari lile linapenda bara.

Mara ya tatu fundi alifanya kitu kingine. Aligeuza skrubu ya kabureta, injini ikawa inanguruma kwa nguvu hata ikisimama. Taa ikazima, kutetemeka kukaisha, na mimi nikasema alhamdulillahi. Lakini mngurumo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba salamu hazikusikika. Baba ilimbidi apige kelele kuuliza hali, na wazee wenye masikio mazito walipiga kelele kujibu, na imamu, ambaye sauti yake ilikuwa ya chini siku zote, aliinama dirishani akatikisa midomo na baba hakupata hata neno. Tulipofika nyumbani alichukua kisu cha mkate, akafungua boneti, akairudisha ile skrubu mahali pake.

"Siwezi kumkemea imamu," akasema.

Siku niliyokasirika ilikuwa siku ya kliniki. Tulitoka mapema. Baba alisimama kwa wote, maana ilikuwa baada ya sikukuu na kila mtu alikuwa na la kusema. Mama alikuwa amevaa buibui lake zuri, amejiegemeza begani kwangu, na nilikuwa nikiisikia pumzi yake ikiingia kwa vipande. Tukafika feri, tukaingia, tukavuka. Upande wa pili, wakati wa kutoka, gari halikuwaka. Betri haikuwa na kitu, na hendeli haikuweza kuzungushwa kwa sababu tulikuwa tumebanana na lori la mbele. Lori likaondoka. Nyuma yetu magari yakapiga honi. Wapagazi na wauza samaki wakaja kutusukuma kwenye mteremko ule, mama yangu akiwa ndani, amejifunika uso kwa aibu, huku baba ameshika usukani na kuwashukuru mmoja mmoja kupitia dirishani.

Tulifika hospitali, daktari ameshaondoka. Tukaambiwa turudi wiki ijayo. Katika wiki ile miguu ya mama ilivimba hata viatu vyake havikumwingia, akawa anavaa vya baba.

Nilingoja baba atoke msikitini. Nilimwekea chai, nikakaa mbele yake, jambo ambalo sikuwa nalifanya.

"Baba, gari haina ugonjwa," nikamwambia. "Yasimama mno."

"Yasimama wapi?"

"Kwa watu. Ikinguruma polepole haijazi betri, taa ndiyo hiyo yakwambia. Na moto wake ni mdogo, plagi zashika masizi. Fundi aenda nayo Mazeras pasipo kusimama, yapona. Wewe wairudisha hapa waiua kwa salamu."

Baba alikunywa chai. Nilitaka abishe, kwa sababu nilikuwa na maneno mengine nimeyaweka tayari. Hakubisha.

"Wataka niwapite," akasema.

"Siku ya kumpeleka mama, ndiyo. Uwapite."

"Niwapite watu nimewaona."

"Inua mkono."

"Mkono," akasema, na akaunyanyua wake kidogo juu ya meza, akautazama, akaushusha. Alikuwa na umri wa kutosha kukumbuka nani alimsalimu vipi siku aliyomzika baba yake. Nilimhurumia, na nilikuwa na hasira naye, vyote pamoja, na chai ikapoa.

Hakuniahidi. Kliniki iliyofuata alisimama kwa watu wachache zaidi, na kwa hao alifupisha, akiruka mvua na mashamba. Watu walianza kunung'unika kwamba gari limemtia kiburi. Yalimfikia. Safari iliyofuata akazirudisha salamu zote pamoja na fidia.

Kisha ikaja siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Mama alikuwa akichambua mchele barazani, akaacha, akasema, "Hewa hamna." Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimwita baba mara moja tu. Alikuja bila kofia. Tukambeba mpaka kiti cha nyuma, nikampakata, na baba akapiga hendeli, na kwa rehema ya Mungu injini ikashika.

Tulianza kwenda. Nilimwona mwenye duka akitoka mlangoni, amejiandaa, uso wake umeshafunguka kwa salamu. Baba hakusimama. Hakuinua mkono pia, mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Tukampita mwalimu wa chuo na wanafunzi wake. Tukampita shangazi, aliyekuwa na kapu kichwani, akageuka mwili mzima kututazama. Tukampita imamu, na imamu alikuwa ameshasogea kando ya njia kutungoja, tukamwachia vumbi. Nilikuwa nimemshika mama na nikiangalia mbele, na juu ya bega la baba niliona taa haikuwaka hata pale tulipopunguza mwendo kwenye mashimo. Gari halikutetemeka. Nilisikia baba akisema jambo, nikadhani ni dua, nikasikiliza. Alikuwa akiwaomba radhi, kila mmoja tukimpita, kwa sauti ndogo, kwa jina lake.

Feri ilikuwa inataka kuondoka. Wakatungoja. Upande wa pili gari liliwaka lenyewe, likapanda mteremko. Daktari alimpokea mama, akamchoma sindano, akamtia kwenye kitanda karibu na dirisha, na baada ya adhuhuri midomo yake ikarudi rangi. Daktari alisema tungechelewa kidogo angekuwa anatwambia maneno mengine. Baba akakaa kwenye benchi akaweka kichwa ukutani. Sikuwahi kumwona hadharani bila kofia kabla ya siku ile.

Mama alilazwa. Alasiri tulirudi Likoni, baba na mimi, tumchukulie nguo na mito yake. Tulipokaribia nyumbani tukaona watu. Majamvi yalikuwa yametandikwa nje mpaka kwenye ua wa jirani, wanaume wamekaa, misahafu mikononi, wanasoma Yasini. Kutoka ndani nikasikia wanawake. Birika kubwa la kahawa lilikuwa jikoni, na mtu mmoja, nilijua baadaye, alikuwa ameshakwenda kuulizia sanda.

Walikuwa wamefanya hesabu yao na hesabu ilikuwa sawa. Mtu yule hawapiti watu. Leo amewapita wote, bila kofia, na mkewe amelazwa kiti cha nyuma. Hakukuwa na maana nyingine.

Imamu aliinuka, akaja hadi kwenye gari, akamshika baba mkono kupitia dirishani.

"Allah amrehemu," akasema.

"Hajafa," akasema baba.

Wasomaji wakanyamaza. Ndani mtu mmoja alikuwa katikati ya kilio, na ilichukua muda habari kumfikia. Shangazi alitoka amejifunga kanga kichwani, macho yamevimba, akamtazama baba kama aliyemtapeli.

"Basi mbona ulitupita?"

Baba alishuka. Alizima injini, na alisimama mbele ya majamvi, akawaeleza juu ya betri, na taa, na masizi, na mngurumo wa polepole. Alieleza vizuri, kama karani. Nadhani hakuna aliyeelewa, ila walielewa kwamba anaomba radhi. Kahawa ilikuwa tayari, kwa hiyo ikanywewa. Yasini ikamaliziwa kwa nia ya kumwombea mgonjwa shifaa.

Kesho yake nilimweleza mama yote, kitandani. Alicheka mpaka muuguzi akaja. Akataka kujua nani alikuja, nani alilia, nani alilia kwa machozi. Nilimtajia. Mwenye duka alifunga duka. Mwalimu aliwapa watoto ruhusa. Shangazi alizimia, au alikaribia. Bwana wa mashua hakuonekana.

Mama akafikiri.

"Basi taa ile yasema urongo," akasema, na tangu hapo hakuitazama tena.

Alirudi nyumbani akakaa nasi muda mzuri. Baba alipata ruhusa ya watu wote kuwapita siku za kliniki, na siku nyingine alisimama kama zamani, gari likaugua kama zamani, fundi akalipeleka Mazeras. Ilikuwa mipango mizuri.

Masika ya mwaka wa uhuru mama alifariki. Alikuwa amelala kidogo baada ya chakula cha mchana, na nilipoingia kumwamsha kwa ajili ya alasiri hakuamka. Hakukuwa na haraka yoyote. Gari lilikuwa nje, limetoka Changamwe juzi yake, betri imejaa.

Walikuja wote tena, wakatandika majamvi. Safari hii hakuna aliyeuliza kitu.

Baada ya arobaini baba alianza kutoka na gari. Siku moja alirudi mapema, akakaa barazani, hakuvua viatu. Nilimletea maji. Akaniambia alikuwa amesimama kwa yule mzee wa mashamba mwenye mihogo. Mzee alikuwa kwenye mazishi, alishika jeneza kwa mkono wake, lakini salamu zina njia yake na ulimi huifuata. Akauliza watoto hawajambo, akaambiwa hawajambo. Akauliza mama watoto naye hajambo.

"Nikamwambia hajambo," akasema baba.

Mzee wa watu alikumbuka papo hapo, akaanza kulia pale dirishani, na baba ikambidi ambembeleze.

Tangu siku ile baba hakusimama. Aliinua mkono, akapita. Alimpita mwenye duka, akampita mwalimu, akampita imamu, na hakuna aliyesema ana kiburi, na hakuna aliyekuja nyumbani kuuliza kuna nini. Walisimama pembeni wakainua mikono yao. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele siku hizo. Taa haikuwaka. Injini ilinguruma kwa utulivu hata ungeweza kuweka kikombe cha kahawa juu ya boneti kisimwagike.

Mwezi uliofuata tulilipeleka Changamwe kwa desturi tu. Fundi alitoa plagi moja baada ya nyingine, akazigeuza juani, safi, hazina hata doa la masizi. Hakuwa na habari ya msiba wetu, wala baba hakumwambia. Akazirudisha, akajifuta mikono, akafurahi kwa ajili yetu.

"Mzee, sasa umejua kuendesha gari hii," akasema.

"Nimejua," akasema baba.

Akamshukuru, akaingia, na tukarudi Likoni bila kusimama popote.